Mtu mbunifu kwenye biashara: nguvu zake, udhaifu wake, na namna ya kumpangia kazi

MezaYaKazi

Wakuu, habari za kazi.

Naomba tulichambue hili kwa kina. Timu ndogo za watu 4 hadi 8, iwe studio ya usanifu, karakana ya samani au kampuni ya programu, mara nyingi zina mtu mmoja ambaye mawazo yanamtoka mfululizo. Ndiye anayewavuta wateja. Na ndiye huyo huyo ambaye kazi zake hukaribia mwisho zikalala, ankara zake hazitumwi, na katikati ya mradi anakuja na wazo jipya linalobomoa lililokwisha kukubaliwa.

Maswali yangu:

1. Je, vipimo vya haiba vinasaidia kumtambua mtu huyu kabla ya kumpa kazi?
2. Udhaifu upi ni wake kweli, na upi unatokana na kazi iliyopangwa vibaya?
3. Muda, bei na idadi ya miradi vipangwe vipi?
4. Anafaa kuwa mkuu wa biashara?

Naomba majibu yenye hatua na hesabu. Maneno ya kutiana moyo tunayo ya kutosha.

---

Pimamaji

Mkuu, naanza na swali la kwanza, maana likikosewa hapo mengine yote yanapinda.

Acha kutafuta "aina" ya mtu mbunifu. Vipimo vinavyomweka mtu kwenye kisanduku chenye herufi 4 vina kasoro ya msingi: hulka za binadamu ni za kiwango, na watu wengi wako karibu na katikati. Aliye katikati akirudia kipimo baada ya wiki chache, majibu mawili matatu yakibadilika anaangukia kisanduku kingine, na wewe ulishampangia majukumu kwa herufi za mwanzo.

Katika hulka 5 kuu ambazo wanasaikolojia wanazipima kwa kiwango, inayoshikamana zaidi na ubunifu ni upokeaji wa mambo mapya: udadisi, kuvutwa na sura na sauti za vitu, kuvumilia jambo ambalo bado halina jibu. Mwanasaikolojia Gregory Feist alikusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 1998 akaona kwamba watu wabunifu wako juu kwenye upokeaji huo, wanajiamini, wana msukumo mkubwa wa kufanikiwa, na hawabebwi na mazoea. Wasanii hasa walikuwa chini kwenye utaratibu, yaani kupanga, kufuatilia na kutimiza kwa wakati. Sasa weka kando yake kazi ya watafiti Barrick na Mount ya mwaka 1991: hulka iliyotabiri utendaji mzuri katika makundi yote ya kazi waliyoyaangalia ni huo huo utaratibu. Mgongano unaouona kwenye timu yako umekaa hapo. Unamhitaji mtu kwa hulka moja, halafu unampima kwa nyingine.

Ila hulka hizi mbili zinajitegemea. Wapo walio juu kote kuwili. Usimsamehe mtu uzembe kwa kuwa ni mbunifu, na usidhani mtu nadhifu hana mawazo. Mwanasaikolojia Michael Kirton aliliweka hili vizuri mwaka 1976 alipotenganisha mtindo na uwezo. Kipimo chake kina alama kuanzia 32 hadi 160, na wastani uko karibu na 95. Upande wa chini wapo warekebishaji, wanaobuni ndani ya mfumo uliopo: wanapunguza hatua 9 zikawa 5, bidhaa ile ile inatoka bila kasoro. Upande wa juu wapo wapinduzi, wanaouliza kwa nini hatua zenyewe zipo. Wote ni wabunifu. Timu nyingi humwona mpinduzi peke yake, na mrekebishaji aliyeokoa robo ya muda wa uzalishaji hakuna anayemtaja.

Kumtambua mtu kabla ya kumwajiri, mpe jaribio la kazi la saa 3, na umlipe:

- Dakika 60: tatizo moja halisi, alete mapendekezo 8. Angalia umbali kati ya pendekezo na pendekezo. Mawazo 8 ambayo ni wazo moja lililopakwa rangi 8 ni ishara mbaya kuliko mawazo 4 yanayotofautiana.
- Dakika 90: achague moja alifikishe hatua ya kukabidhiwa, akiwa na masharti 10 ya maandishi (vipimo, majina ya mafaili, idadi ya kurasa). Hesabu aliyoyatimiza. Chini ya 7, ujue atahitaji mtu wa kumfungia kazi.
- Dakika 30: mpe maoni mawili ya mteja yanayopingana. Mzuri huuliza swali kabla ya kugusa kazi. Anayeanza moja kwa moja kumridhisha kila mmoja atakutesa baadaye.

Kuhusu swali la 2, udhaifu mwingi ni nguvu ile ile iliyohamia hatua isiyo yake. Kuvumilia jambo lisilo na jibu ni dhahabu wiki ya kwanza. Wiki ya sita ndiko kunakomfanya asishtuke kwamba bado hajaamua. Kutoridhika kunaleta ubora, halafu kunazuia kufunga. Kuona uhusiano wa mbali kunafungua soko jipya, halafu mbele ya mteja mtu anaruka hatua 3 za maelezo na mteja anabaki njiani. Kwa hiyo unapolalamika, taja na hatua ya kazi. "Hana nidhamu" haikuonyeshi pa kuanzia. "Anafungua upya maamuzi baada ya rasimu kukubaliwa" inatibika.

---

DaftariLaMauzo

Pimamaji kamaliza upande wa mtu. Nakuja na swali la 3.

Muda. Kukadiria muda pungufu si ugonjwa wa wabunifu peke yao. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliueleza mwaka 1979, na mwaka 1994 Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi lini watamaliza tasnifu zao: wastani wa makadirio ulikuwa siku 33.9, muda halisi ukawa siku 55.5. Mbunifu anaumia zaidi kwa sababu anakadiria sehemu anayoipenda, na sehemu asiyoipenda haimo kichwani kabisa.

Dawa ni hesabu. Chukua kazi 10 zilizopita, gawa saa halisi kwa saa zilizokadiriwa, panga kuanzia ndogo. Tuseme umepata 1.1, 1.2, 1.3, 1.4, 1.5, 1.6, 1.6, 1.8, 2.1, 2.6. Katikati ni 1.55: hicho ndicho kizidisho cha ratiba ya ndani. Namba ya 8, yaani 1.8, ndiyo ya kumwahidi mteja. Kazi anayosema ni saa 20, ndani panga 31, kwa mteja andika 36. Usimwambie "ongeza kidogo kwa usalama". Ataongeza saa 2 na mtachelewa vile vile.

Idadi ya miradi. Akiwa na miradi 5 wazi kwa wiki ya saa 40, kila mmoja unapata saa 8, na hapo sijahesabu muda unaopotea kila anapohama. Kazi ya saa 24 inachukua wiki 3. Akiwa na 2, kazi ile ile inaisha siku 6 za kazi. Weka kikomo: miradi 2 mikubwa na 1 mdogo. Mpya hauingii mpaka mmoja utoke, na "kutoka" maana yake umekabidhiwa na ankara imetumwa siku hiyo hiyo.

Bei. Kosa kubwa la wabunifu ni kugawa gharama za mwezi kwa saa zote za kazi. Kati ya saa 160, zinazolipiwa na wateja zinaweza kuwa 96 tu. Nyingine ni simu, kotesheni, kujifunza, kurekebisha. Ukigawa kwa 96, bei ya saa inapanda kwa theluthi mbili. Hiyo ndiyo bei yako. Ile ya kwanza ilikuwa ruzuku kwa mteja.

Kosa la pili ni kupunguza bei ya kazi inayompendeza. Furaha isiingie kwenye kotesheni. Anayepanga bei na anayeifurahia kazi wasiwe mtu mmoja. Ikishindikana, bei itoke kwenye jedwali lililoandikwa kabla mteja hajapiga simu.

Malipo. Asilimia 50 kianzio, 30 rasimu ikikubaliwa, 20 kabla ya mafaili ya mwisho kutoka. Ile 20 isiwe kubwa zaidi. Mteja akichelewesha neno lake la mwisho, fedha yako nyingi isiwe imeshikiliwa naye.

Marekebisho. Mizunguko 2, imeandikwa kwenye mkataba. Mzunguko mmoja ni orodha moja, kutoka kwa mtu mmoja, kwa maandishi. Wa 3 unalipiwa kwa saa. Na angalieni hapa: mara nyingi anayefungua mzunguko wa 3 ni mbunifu mwenyewe, usiku, kwa sababu ameona njia bora zaidi. Wazo hilo liandikwe kwenye orodha ya toleo la 2. Lisiguse toleo lililokubaliwa.

---

MezaYaKazi

Ahsanteni sana. Hesabu ya kizidisho naianza leo. Bado nina shida kwenye uteuzi: mtu ana mawazo 30, yote anayapenda, na vikao vya kuchambua vinaisha na wazo la mwenye sauti kubwa. Mnachujaje bila kumvunja moyo?

---

BiRasimu

Ndugu, kwanza badilisheni kikao chenyewe. Kuropoka mawazo pamoja mezani kunaonekana kuna uhai, lakini watafiti Diehl na Stroebe walionyesha mwaka 1987 kwamba watu wakiandika kila mmoja peke yake kisha wakakusanya, wanapata mawazo mengi kuliko kundi linalozungumza. Sababu kuu ni kusubiri zamu: mmoja akiongea, wengine wanashikilia walichonacho, wanasahau au wanakifuta. Basi kila mtu aandike peke yake dakika 15, karatasi zikusanywe bila majina, zisomwe na mtu ambaye hakuandika. Ndipo mjadili. Mwenye sauti kubwa anabaki na karatasi moja kama wengine.

Kutoa na kuhukumu msiviweke saa moja. Wekeni angalau usiku mmoja katikati. Tangu mwaka 1926 Graham Wallas alitaja hatua 4: maandalizi, kuatamia (kuliacha wazo likae), mwanga, uhakiki. Timu zenye haraka huifuta ya pili, halafu zinashangaa wazo limetoka bichi.

Kuchuja sasa. Kuweni na daftari moja la mawazo. Kila wazo mstari mmoja: tarehe, nani atalilipia, jambo gani lazima liwe kweli ili lifanye kazi, na jaribio la bei ndogo kabisa la kulithibitisha. Wazo lisilojaza safu hizo 4 halijakataliwa, linasubiri. Daftari likaguliwe kila wiki 2 kwa dakika 45, lichaguliwe wazo 1 tu la kujaribu, na kabla ya kuanza mwandike kiasi cha fedha, tarehe ya mwisho, na matokeo yatakayowafanya mliache. Sharti la kuacha likiandikwa baadaye halina nguvu, kwa maana mapenzi yameshaingia.

Nani apige kura? Mtafiti Justin Berg aliliangalia hili mwaka 2016 kwa wasanii wa sarakasi na mameneja wao. Wabunifu walitabiri vizuri kuliko mameneja mafanikio ya mawazo mapya ya wabunifu wenzao. Ila kila mmoja alipolipima la kwake alilikweza. Hivyo mwombe mbunifu ahukumu mawazo ya wengine, hapo ana jicho kali kuliko meneja. La kwake ahukumiwe na mbunifu mwingine, hata wa nje ya timu.

Mfano ninaourudia kila mara ni Edwin Land wa Polaroid, kampuni ya kamera za picha za papo hapo. Mwaka 1972 alitoa kamera ya SX-70, picha inatoka na kujitokeza yenyewe mbele ya macho. Ung'ang'anizi wake ndio uliofanya iwezekane. Mwaka 1977 ung'ang'anizi ule ule ulitoa Polavision, mfumo wa filamu za papo hapo: kaseti ya takriban dakika 2 na nusu, haina sauti, haifutiki ikarekodiwa upya. Wakati huo mifumo ya mikanda ya video ilikuwepo, Betamax ikiwa sokoni tangu 1975 na VHS tangu 1976, zenye sauti, zinarekodi saa nzima na zaidi kwa mkanda unaotumika tena. Kemia ya Polavision ilikuwa ya ajabu, na ndiyo iliyomfumba macho. Mwaka 1979 kampuni iliandika hasara ya takriban dola milioni 68. Land yule yule, hulka ile ile. Kilichokosekana mara ya pili ni mtu mwenye mamlaka ya kuuliza mteja ananunua kemia au ananunua kumbukumbu ya sherehe yenye sauti.

Lakini pia msiligeuze daftari kuwa jalala. Gundi hafifu ya Spencer Silver pale kampuni ya 3M ni ya mwaka 1968. Matumizi yake kwenye alamisho aliyaona Art Fry mwaka 1974, na karatasi ndogo za kubandika za Post-it ziliingia soko la Marekani kwa upana mwaka 1980. Miaka 12. Mara moja kwa mwaka someni daftari lote tangu mwanzo.

---

Nanga

Nina pingamizi moja kwa DaftariLaMauzo, halafu swali la 4.

Kikomo cha miradi 2 na 1 ni sahihi kwa kazi za kufunga. Kwa hatua ya kuatamia aliyoitaja BiRasimu, mtu anahitaji kitu cha pembeni cha kushika. Mimi ningempa saa 4 kwa wiki, siku ileile kila wiki, za jambo lisilo na mteja. Ukimnyima atazichukua tu, ila atazichukua ndani ya mradi wa mteja, na hapo ndipo mnapolipa mara mbili. Saa hizo ziwe asubuhi, zisiwe za Ijumaa jioni. Za jioni hufutwa kila kazi inapobana.

Na ratiba za kumbana kila saa mziache. Mtafiti wa ubunifu Teresa Amabile ameonyesha kwa miaka mingi kwamba ubunifu unashuka mtu anapojiona anaendeshwa kwa rimoti. Mbane kwenye *nini* na *lini*, mwachie *vipi*. Meneja akianza kumchagulia rangi ameshapoteza alichomlipia.

Kuhusu ukuu wa biashara: anafaa, kwa sharti kwamba kuna mtu wa pili mwenye kura ya kweli. Honda ndiyo mfano wangu. Soichiro Honda alikuwa fundi wa injini tangu kichwani hadi vidoleni. Kampuni ilianza 1948, na mwaka 1949 akaingia Takeo Fujisawa, akashika mauzo na fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Honda aling'ang'ania injini za gari zinazopozwa kwa hewa, wakati wahandisi vijana waliona bila kupoza kwa maji hawataweza kudhibiti moshi. Hakuna mhandisi aliyeweza kumshinda mwanzilishi kwa hoja za injini. Fujisawa hakugusa injini. Alimtaka achague: yeye ni rais wa kampuni au ni mhandisi? Honda akachagua urais, vijana wakaruhusiwa kuendelea na maji, na mwaka 1972 kampuni ikatangaza injini ya CVCC, yenye moshi mdogo. Wawili hao walistaafu pamoja mwaka 1973.

Tazama alichofanya: aliuliza swali la cheo, jambo ambalo mbunifu hawezi kulijibu kwa ufundi. Kwenye timu ndogo liandikeni mapema, nusu ukurasa:

- Mbunifu ana neno la mwisho juu ya sura, ubora na nini hakitoki hata kikilipiwa.
- Mbia wa pili ana neno la mwisho juu ya bei, tarehe, kuajiri na kiasi cha fedha cha jaribio.
- Kusimamisha mradi kunahitaji mmoja. Kuufufua kunahitaji wote wawili.

Sharti la tatu ndilo linalosahaulika, nalo ndilo linalookoa fedha. Na mbia wa pili awe mtu anayeipenda kazi yenyewe. Akiwa mlinzi wa fedha tu, atasema hapana kwa kila kitu ndani ya miezi 3, na mbunifu ataanza kumficha mambo.

---

DaftariLaMauzo

Nanga, saa 4 za asubuhi nazikubali. Ziingie kwenye zile saa 64 za mwezi zisizolipiwa (160 kutoa 96), bei haibadiliki.

Niongeze kuhusu kazi zinazolala karibu na mwisho, maana MezaYaKazi alizitaja na hatujazigusa. Chukua nembo ambayo mbunifu anasema "imeisha, asilimia 90". Kwake imeisha kwa sababu swali limejibiwa. Kilichobaki ni hiki: toleo la rangi moja, toleo la juu ya mandhari nyeusi, ukubwa wa chini unaosomeka kwa milimita, rangi za kuchapa tofauti na za skrini, nafasi tupu kuzunguka nembo, leseni ya fonti kwa jina la mteja, mafaili yenye majina yanayoeleweka, ukurasa mmoja wa maelekezo. Vitu 8, hakuna hata kimoja chenye fumbo ndani yake. Kwa saa, hicho kinachoitwa asilimia 10 kinaweza kula theluthi ya kazi nzima.

Msimhubirie. Orodha hiyo iandikwe siku ya kwanza, iwe ndani ya kotesheni na ndani ya makadirio. Rasimu ikikubaliwa, fanyeni makabidhiano ya dakika 30: mbunifu anampa mrekebishaji faili moja na orodha, anaonyesha mambo 3 yasiyoruhusiwa kuguswa, anaondoka. Mrekebishaji anafunga, mbunifu anarudi mara moja tu kukagua kabla ya kutuma, na ukaguzi huo una majibu mawili: itoke, au kuna kosa kwenye kipengele namba fulani cha orodha. "Nimepata wazo" linaenda kwenye daftari la BiRasimu.

Kama timu haina mrekebishaji, mbunifu afunge mwenyewe, lakini siku tofauti na siku za kubuni, orodha ikiwa imechapishwa mezani na kila kipengele kinawekewa alama kwa kalamu. Aanze na kile kinachomchosha zaidi. Kwenye nembo mara nyingi ni leseni ya fonti.